Kupima Mwanga Darajani

Vijana mliorithi harusi zangu, mmeniuliza mara nyingi mipangilio ya kamera, nami nimewajibu mara nyingi kwamba imo kwenye kijitabu kinachokuja na mashine, kisomeni. Mliona mzee ana roho mbaya. Sasa nimestaafu, mikono inatetemeka, na hapa North Buffalo kwa binti yangu nina muda mwingi kuliko theluji. Acha niwaeleze kisichokuwemo kwenye kijitabu, yaani mlango. Halafu nitawaeleza habari ya lile daraja lenye paa, kwa sababu najua mmesikia mengi juu yake, na mengi yamesemwa na watu ambao hawakuwahi kufika.

Kazi nilijifunza Uvira, kule Kongo, kwa Mzee Kalonda. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara. Ndani alikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, kimeza cha kuegemea, na koti moja la suti ambalo nusu ya wanaume wa mtaa ule walilivaa kwenye picha zao. Umeme ulikuja ukipenda, kwa hiyo Mzee hakuutegemea. Siku yangu ya kwanza sikugusa kamera. Alinisimamisha mlangoni, akaniamuru nisogee mbele, nisogee nyuma, niguse ukuta, nirudi, mpaka jasho likanitoka, huku amenishikisha kioo nijitazame. Nikiwa karibu na barabara, jua liliukata uso wangu vipande viwili. Nikiwa nyuma kabisa, nilibaki macho na meno tu. Lakini hatua chache ndani ya mlango, nikitazama nje, uso wote ulitokea, hata kovu la utotoni, na nyuma yangu pakawa na giza lililotulia.

"Umeona?" akasema Mzee. "Mutu mweusi usimupige ku jua. Mupige ku mulango. Mulango njo lampe ya Mungu, na haina bili."

Alikuwa mkali, na alikuwa bahili wa maneno, ila hilo alilirudia mpaka nikaliota. Vita ilipotufikia sikupata nafasi ya kumuaga. Sijui alizikwa wapi, wala kama alizikwa na picha. Kambini Tanzania niliendelea na kazi kwenye mlango wa turubai, nikipiga picha za ubatizo, na huko ndiko nilikomwoa Esteri, ambaye nyinyi nyote mlimjua kama Mama Amani.

Tulipoletwa Marekani, Louisville tulipangishiwa mtaa wa Iroquois, ghorofa ya chini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ghalani, kupanga maboksi, na nitawaambia ukweli kwamba sikuwa mpangaji hodari. Msimamizi alinikemea kwa kusimama nikikodolea macho mlango wa kupakilia. Tela la lori likiondoka, mwanga uliingia pale kwa wingi, na yeyote aliyesimama karibu akawa mzuri ghafla, hata msimamizi mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu nimeona studio ya Mzee Kalonda ndani ya ghala. Akasema nile kwanza.

Kamera ya kwanza niliinunua kwa Mmarekani aliyekuwa akiuza vitu vyake uani. Mwanga wa kurudisha tuliupata kwenye kile kifuniko cha kung'aa ambacho watu hutandaza kwenye kioo cha gari ili usukani usiungue jua. Mama Amani alikishika. Alisimama kushoto kwangu siku zote, mkono mmoja juu, mmoja chini, akikiinamisha taratibu mpaka macho ya bibi harusi yapate nuru. Hakuna aliyemfundisha. Kila nilipokawia kubonyeza alinichokoza mbele za watu: "Papa Amani, unapiga bibi arusi ao unapiga keki?" Watu walicheka, nami nikapata picha niliyokuwa naitaka, maana kicheko cha kweli hakiagizwi. Wiki nzima alikuwa akiwahudumia wazee wa kizungu majumbani mwao, akiwaogesha na kuwalisha, lakini Jumamosi alikuwa mtu wa mwanga.

Sehemu ngumu ya kazi hii si harusi. Watu wetu hawazikwi bila sura. Mtu akifariki, ndugu hawajafika bado kutoka majimbo mengine, tayari picha inatakiwa: ya kutuma kwenye makundi ya simu, ya kuchapa kwenye fulana, ya kukuza na kuisimamisha kando ya jeneza. Na watu wetu hao hao hawapigwi picha peke yao. Mtu mzima, hana sherehe, amevaa vizuri na kusimama pekee mbele ya kamera, huko ni kujichulia, na majirani wataulizana anaaga kwenda wapi. Basi siku ikifika familia inaniletea simu yenye picha ya kwaya nzima, na marehemu yuko nyuma, shavu limefichwa na kofia ya mtu. Nimefuta mikono mingi kwenye mabega ya marehemu. Mkono wa rafiki ndio mgumu kuliko yote. Ukishautoa, bega linabaki limeinama kidogo, na mtu anayejua kutazama ataona kwamba kuna kitu kimeondolewa pale.

Baba Toma tulikuwa naye ghalani, mtu wa utani, aliyekuwa akiimba akisukuma maboksi. Alikufa ghafla. Mkewe alinijia na beji ya kazini mkononi, hakuwa na picha nyingine. Picha yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, amekodoa macho kama anayesubiri kukaripiwa, na nyuma yake rangi ya kampuni. Niliikuza mpaka uso ukawa vipande vya mraba, nikalainisha, nikaikuza tena. Hakutokea Baba Toma. Alitokea mtu aliyeogopa. Kanisani mtoto wake mdogo alisimama mbele ya ile picha akauliza kwa Kiingereza huyu ni nani, na mama yake akamvuta kando.

Tulipofika nyumbani Mama Amani alivua viatu, akakaa. "Papa Amani," akasema, "ile haitarudia. Tutafuta njia." Hakusema njia gani, na mimi sikuiona.

Njia tuliipata Columbus, tulikohamia kwa sababu ndugu zetu wengi walikuwa wamehamia. Ilikuwa siku ya harusi, na mvua ilitunyeshea tangu mlangoni mwa kanisa. Bustani tuliyoipanga iligeuka tope, bibi harusi analia, bwana harusi anamlaumu kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza. Dereva mmoja kwenye msafara, aliyezoea kupeleka mizigo vijijini, akasema anajua daraja la zamani lenye paa. Tulidhani anatania. Tukamfuata kwa kukosa la kufanya, tukatoka mjini, tukapita mashamba ya mahindi, na mwisho wa njia ya kokoto tukaliona: nyumba ndefu ya mbao, rangi nyekundu imefifia, imekaa juu ya kijito, wazi upande huu na wazi upande ule. Magari hayaruhusiwi tena kupita. Kando kuna kibao cha kueleza nani alilijenga na kwa mbao gani, na wageni huja kulipiga picha lenyewe, bila watu, jambo ambalo nimelizoea ila sijalielewa.

Mama Riziki, dada mkubwa wa mke wangu, alikuwa amekuja kutoka Buffalo kwa harusi ile. Aliteremka garini, akaweka mikono kiunoni. "Bazungu hawa!" akasema. "Hata njia banaijengea nyumba, na siye tulilala ku hema myaka yote ile." Tulicheka sote kwenye mvua, hata bibi harusi.

Mimi niliingia mbele ya wengine. Mvua ilipiga juu ya bati, chini mbao zilikuwa kavu na zilinukia kama ghala la nafaka. Nilisimama hatua chache ndani, nikageuka kutazama nilikotokea. Nikanyoosha mkono wangu mbele ya uso, nikautazama. Mishipa yote ilionekana, na hapakuwa na kivuli hata kimoja kikali. Huu ulikuwa mlango wa Mzee Kalonda, umepanuliwa mpaka unatosha harusi nzima. Machozi yalinitoka, na kwa bahati wote tulikuwa tumelowa.

Maharusi walipomaliza, Mama Amani alinisogelea akaninong'oneza, "Ita bazee."

"Niwaitie nini?"

"Useme unapima mwanga."

Nikawaita. Nikasema wazee wetu mtusamehe, mje mmoja mmoja hapa mdomoni mwa daraja nipime mwanga kwa ajili ya picha ya pamoja. Picha ya pamoja tulikuwa tumeshaipiga. Hakuna aliyeuliza. Walikuja mmoja mmoja, wakafunga vifungo, wakasawazisha vilemba, wakasimama wima, na Mama Amani akawainulia nuru. Mzee mmoja alipomaliza alinishika mkono akaubana, akaenda zake.

Tangu siku ile, kila harusi niliyopewa nilishauri daraja, na kila harusi nilipima mwanga. Wazee wakaanza kuja wamependeza kuliko maharusi. Nikichelewa kuwaita walinikumbusha: "Papa Amani, leo haupime mwanga?" Mmoja alipimwa kwenye harusi kadhaa, kila mara na tai nyingine, kisha akaniuliza faraghani ni tai ipi iliyotoka vizuri. Nilimwambia ya buluu, na ndiyo tuliyoitumia. Hili nawaachia kama fundisho: msimwambie mtu mzima atabasamu. Mwulizeni jina la mto wa kwao. Akianza kuutaja, bonyezeni.

Siku nyingine nilifika mapema nikamkuta mzee wa kizungu anafagia majani mle ndani. Nilimwuliza kwa Kiingereza changu cha ghalani kwa nini daraja liliwekewa paa. Akasema paa si la wapitaji, ni la mbao. Boriti zikinyeshewa zinaoza upesi, lakini zikifunikwa zinaishi kumshinda aliyezipanga. Akaipiga boriti moja kofi dogo, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake anayempenda. Nilimpima mwanga na yeye.

Wazee walipofariki, picha zilikuwepo. Familia ilipopiga simu nilijifanya naenda kutafuta, nikakaa kidogo, kisha nikatuma. Walinishukuru wakilia. Hakuna aliyeniuliza ilikuwaje marehemu akasimama peke yake, tena kwa utulivu ule. Nilidhani tumeshinda.

Halafu kikaja kipindi kibaya cha baridi. Wazee wetu waliondoka wakifuatana, Louisville, Columbus, Buffalo, na kila tangazo la msiba lililopita kwenye simu lilikuwa na zile mbao nyuma. Kichwa kinabadilika, mbao ni zile zile. Mama Riziki ndiye aliyeanza. Alituma sauti kwenye kundi la familia: "Mi sisemi kitu. Lakini balisema ile daraja inakula batu. Muangalie picha zote, muangalie muzuri." Hakusema kitu, ila alikituma kwa kila mtu. Wengine wakaongeza kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Kufikia majira ya harusi hapakuwa na bibi harusi aliyetaka kulisikia daraja. Wakahamia bustani ya waridi, saa sita mchana, juani, na nyinyi mkawapiga huko na kope zinatupa vivuli mpaka kwenye mashavu. Nilizitazama zile picha nikamwomba Mzee Kalonda msamaha kwa niaba yenu.

Ningeweza kuwaambia watu kwamba wamegeuza mambo kichwa chini. Wale hawakufa kwa kuwa walipigwa picha, walipigwa picha kwa kuwa walikuwa wazee. Lakini kusema hivyo ningelazimika kutamka zile picha zilikuwa za nini, na hilo ndilo ambalo halikuwa likitamkwa. Ningewavua nguo marehemu wote waliosimama pale kwa heshima na kujifanya wananisaidia kazi. Nikanyamaza, na jina langu likaanza kunong'onezwa pamoja na la daraja.

Katika kunyamaza huko figo za Mama Amani zikaanza kushindwa. Akaacha kazi, akaanza kwenda hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, akirudi amechoka hata sauti. Mkono uliokuwa ukishika mwanga ukawa na uvimbe pale wanapochoma sindano. Amani, binti yetu, alikuwa ameshaolewa hapa Buffalo, akawa anakuja kila alipopata ruhusa. Sote tulijua. Tuliongea habari za chakula.

Asubuhi moja tukinywa chai Mama Amani alitazama nje. "Jumamosi mvua haitanyesha," akasema. "Papa Amani, twende ukapime mwanga."

Niliweka kikombe chini. Nilielewa, na kuelewa kuliniuma kuliko habari yoyote ya daktari. Nikamwambia ana picha nyingi.

"Nionyeshe moja."

Tulikaa mbele ya kompyuta mimi na yeye. Harusi baada ya harusi, Louisville, Columbus, Buffalo, yupo, ukingoni. Kilemba chake, shingo yake, mkono ulioinuliwa. Katika picha zote anamtazama bibi harusi wa mtu mwingine. Nyingine nilikuwa nimemkata mwenyewe wakati wa kusafisha, kama kazi inavyotaka, kimebaki kiwiko.

"Bon," akasema. "Donc batanizika na kiwiko?"

Alicheka, na mimi nililia. Alinipangusa kwa ncha ya kitenge chake, akaendelea na chai.

Habari ilimfikia Mama Riziki, akapiga simu, nami nikaiweka juu ya meza wote tusikie. "Shemeji," akasema, "unataka kumupeleka ku ile daraja? Mudogo yangu? Akikufa batasema nini? Mi nitasema ni weye." Amani naye akapiga, analia, anachanganya Kiingereza, akaomba tumpige mama yake pale pale nyumbani karibu na dirisha, picha ni picha.

"Dirisha haina giza nyuma," Mama Amani akamjibu. "Na mulango yetu inaangalia ukuta. Amani, sikiliza. Nilishika mwanga pale myaka yote juu ya batu bengine. Na mi nataka."

Tulimsikia Amani akipenga kamasi, kisha akasema avae kile kitenge cha kijani.

Nawaambia wazi kwamba niliogopa. Sikuogopa daraja, na maneno ya watu nilikuwa nimeshayazoea. Niliogopa kubonyeza. Kwa wengine nilikuwa napima mwanga. Kwa huyu, kidole changu kingekuwa kinasema ndiyo, nenda. Nilitamani Jumamosi inyeshe.

Haikunyesha. Tulienda wawili tu, nikiendesha polepole, mashamba yakiwa tupu, ndiyo kwanza yanalimwa. Kutoka garini hadi darajani alipumzika mara kadhaa akiegemea fimbo. Tulipoingia alipapasa boriti ya kwanza, ile aliyozoea kuegemeza begi letu, akasema, "Iko tu." Kisha akaenda mwenyewe mahali pake, akageuka. Sikuhitaji kumwonyesha. Ila hapakuwa na mtu wa kushika kile kifuniko. Tukakiegemeza kwenye boriti kwa fimbo yake, na akawa ananiongoza kutoka alipo: "Inua kidogo. Hapana, unanichoma ku macho. Rudisha. Apo. Apo iko sawa." Alijipangia mwanga wake mwenyewe, kisha akanyoosha kitenge, akanitazama.

Nilimwona kupitia kamera. Uso umevimba kidogo kwa ugonjwa, macho yale yale. Nilitakiwa nimwulize jina la mto wa kwao, ndiyo kazi, nikawa nazungusha lenzi bure. Nilikuwa nalia na sioni kama picha imekaa sawa. Kijito kilikuwa kinapita chini yetu, na nilisimama nimeshika mashine kama mtu aliyetumwa na kusahau alichotumwa.

"Papa Amani," akasema, "unanipiga mi ao unapiga keki?"

Hapo ndipo nilipobonyeza.

Nilipoishusha kamera alikuwa amenyoosha mkono. "Leta."

"Nini?"

"Leta mashine. Na weye simama."

Nikamwambia kinyozi hajinyoi.

"Njo maana niko apa," akasema.

Miaka yote ile hakuwahi kubonyeza. Nilimvisha mkanda shingoni, nikamwonyesha kitufe alichokuwa amekiona maelfu ya mara, nikaenda nikasimama mahali pake. Sikujua mikono niiweke wapi. Wateja wangu wote walikuwa wakinitazama kwa aibu hii, na mimi nikiwaambia walegeze mabega, kana kwamba ni jambo rahisi. Nilimwona akihangaika na uzito, kichwa amekilaza pembeni. Kilisikika mara moja tu. Nikaenda kutazama. Imepinda, kofia yangu imekatwa juu, nami nimesukumwa ukingoni. Nikasema tupige nyingine.

"Mashine iko muzito," akasema. "Turudi."

Alifariki kabla mahindi ya mashamba yale hayajavunwa. Ile picha tuliikuza, ikasimama kando yake, kilemba cha kijani, mdomo umeanza kufunguka kwa utani. Mbao zilionekana nyuma yake, na kanisa zima lilizijua. Nilisikia minong'ono ikianza kwenye viti vya nyuma. Mama Riziki alikuwa amesafiri kutoka Buffalo, akapita katikati ya watu mpaka mbele. Nilikaza moyo nisubiri maneno yake. Aliitazama ile picha, akaigusa shavuni, akakaa hapo hata wachukuaji wa jeneza wakaanza kutazamana.

"Njo yeye," akasema. "Vile alikuwa anataka kunichokoza. Njo yeye kabisa." Akawageukia wa nyuma. "Na nyinyi munyamaze."

Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, alinifuata jikoni nilikokuwa nimejificha nikiosha vikombe visivyo vichafu. Alichukua kitambaa akaanza kukausha. 

"Shemeji," akasema mwishowe, anatazama kikombe. "Teluji ikikuja na kuisha, unipeleke."

"Wapi?"

"Ukapime mwanga."

Akaweka kikombe chini, na hapo tukalia wote wawili kwa sauti, mimi na mtu aliyenisemea daraja langu, tumeshikana kama watoto. Theluji ilipoisha nilimpeleka. Alikuja na kilemba cha mdogo wake. Mikono yangu ilikuwa imeanza hii tabia ya kutetemeka, nikaiegemeza kamera kwenye boriti, nikamwuliza jina la mto wa kwao, akalitaja. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho. Yeye bado yupo, East Side, hapa hapa Buffalo, anapika sambusa, anatuma sauti kwenye kundi kila asubuhi. Picha yake ninayo na sijamwambia mtu ila nyinyi.

Basi, vijana, kifuniko cha kung'aa kipo kwa Amani, nyuma ya mlango wa gereji, aje akichukue anayetaka. Njia ya darajani mnaijua. Msiogope mbao zile, na msingoje mvua.

Siku moja Amani atampigia simu mmoja wenu, na atamtumia picha. Nimo mimi, nimesimama vibaya, kofia imekatwa, daraja limelala upande, na kushoto kwangu kuna nafasi kubwa tupu, mbao tu. Nayajua mazoea yenu, ni mimi niliyewafundisha: mtataka kuinyoosha, mtataka kuikata nikae katikati. Msiinyooshe. Na ile nafasi msiikate. Aliyekuwa akisimama pale siku zote, siku hiyo ndiye aliyepiga.